Bertha Amkaribisha Mkwe kwa Kiingereza

Kule Shume, kwenye milima ya Lushoto, ukungu huamka kabla ya watu. Asubuhi hiyo ulikuwa umelala juu ya shamba la kabichi. Paskali, mume wa Bertha, alionekana kichwa tu.

"Mgosi, mume wangu, umepotea?" Bertha alimtania kutoka mlangoni. "Naona kabichi moja imevaa kofia."

"Badala ya kucheka, lete chai," Paskali alijibu.

Bertha hakuleta chai. Mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa anafuma sweta dogo la njano. Lilikuwa la mjukuu wake.

Severin, mtoto wao wa kwanza, ni dereva wa malori. Anapeleka mizigo Zambia na Kongo. Huko Zambia, katika mji wa Kitwe, alioa mke anayeitwa Angel. Wakapata mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake. Kwa hiyo sasa kulikuwa na Bertha mkubwa wa Shume na Bertha mdogo wa Kitwe. Lakini Bertha mkubwa hakuwa amewahi kumbeba wajina wake. Alimjua kwa picha za simu tu.

Yeye na mkwe wake nao walikuwa hawajawahi kuzungumza vizuri. Angel anajua Kibemba na Kiingereza. Bertha anajua Kishambaa na Kiswahili. Aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake ni "gudi moning", hata ikiwa ni jioni.

Simu ililia kidogo. Ulikuwa ujumbe. Bertha alimwita Glory, binti yake wa kidato cha pili, aliyekuwa likizo.

"Soma. Ni nani?"

Glory aliangalia, akatabasamu. "Ni wifi Angel! Ameandika kwa Kiingereza. Anasema, 'We are looking forward to seeing you.' Anataka kuja Krismasi na mtoto. Kaka ataungana nao njiani akimaliza safari. Anauliza kama aje, ili akate tiketi."

"Hayo maneno uliyosoma ndiyo maana yake hiyo yote?"

"Hapana, mama. Hayo yanahusu kutuona. Ni maneno mazuri."

"Mazuri namna gani?"

Glory alikuna kichwa. "Mazuri tu, mama. Tuliyapita haraka darasani."

Bertha alisikia moyo unaruka. Jogoo wa Krismasi alikuwa ameshamtenga. Godoro la wageni lilikuwa limeanikwa tangu juzi, kwa kutumaini tu, kila jua likichungulia. Lakini yeye alilelewa vizuri. Mama yake alimfundisha kwamba mwenye nyumba hajisifu. Mgeni akitaka kuja, unaishusha nyumba yako chini kwa maneno. Mgeni naye anajua kwamba hiyo ni heshima. Anakuja, anakuta kumejaa, mnacheka.

"Andika," Bertha alisema. "Mwambie huku ni baridi sana. Nyumba yetu si ya maana. Chakula chetu ni cha kimaskini, mtoto wa mjini hatakiweza. Mwambie asijisumbue."

"Na kwamba tumefurahi?" Glory aliuliza.

Paskali alikuwa ameingia kufuata chai yake. Aliinua kidole. "Hapana! Furaha haitangazwi mapema. Ukiitangaza, inapata kijicho, safari inavunjika. Wakifika ndipo tufurahi."

Glory akaandika yote kwa Kiingereza. Aliandika vizuri, maana Kiingereza ndicho somo analolipenda. Akatuma.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Glory alisoma kimya. Uso ukambadilika.

"Mama, anasema ameelewa. Anasema hatatusumbua. Krismasi atampeleka mtoto kwa mama yake mwenyewe. Kaka aje peke yake."

Bertha alisimama, sweta likaanguka. "Nani kamkataza kuja?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi si nimemkaribisha!"

Walimpigia Severin. Alikuwa barabarani Kongo, hapatikani. Wakapiga tena. Hapatikani. Bertha alikaa kwenye kigoda, akalitazama lile sweta. Mkono mmoja ulikuwa bado haujafumwa. Angel akikata tiketi ya kwenda kwa mama yake, basi. Mtoto atakua, na sweta halitamtosha.

"Twende kwa Husna," alisema, akalichukua sweta.

Husna ni jirani yao, mtu wa Tanga mjini. Aliolewa huku milimani. Anafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni mjini Lushoto, na siku hiyo alikuwa mapumziko. Walimkuta anachambua mboga ya mnavu, amejifunga blanketi.

"Shikamoo, Mama Severin."

"Marahaba, mwanangu. Nimemfukuza mkwe wangu bila kujua."

Glory alimwonyesha ujumbe wote. Husna alisoma, akashika mdomo asicheke.

"Pole, mama. Kiingereza cha Glory hakina kosa hata moja. Ila mmetuma heshima ya Shume, na heshima yenyewe imebaki njiani. Kitwe imefika baridi na njaa, na 'usijisumbue'."

"Lakini ndivyo tunavyosema!"

"Sisi tukisikia 'nyumba yetu si ya maana', tunajua mwenyewe ameshafagia mpaka nyuma ya kabati. Angel atajuaje? Alitegemea umjibu kama alivyokuandikia. Maneno aliyotumia mnayaelewa?"

"Hayo mazuri? Glory anasema ni mazuri tu."

"Looking forward to," Husna alisema polepole. "Ni maneno ya mtu anayefurahia jambo kabla halijafika. Anangoja, na moyo wake umeshatangulia."

"Lukingi fowadi tu," Bertha alijaribu. "Kwa hiyo ni kungoja?"

"Si kungoja tu. Basi unaweza kulingoja umekasirika. Hapa ni kungoja kwa furaha."

Bertha akasogeza kigoda karibu. Sasa alitaka kujua hasa. "Nikingoja mvua ya mawe, naweza kusema hivyo?"

"Labda kama umepanda mawe, mama."

Glory aliangua kicheko.

"Na kung'oa jino?"

"Hapana."

"Harusi?"

"Ndiyo, kama bwana harusi unampenda."

"Kuvuna viazi?"

"Kama vimezaa!"

Bertha naye akacheka. Kisha akaitazama simu. "Kwa hiyo Angel aliponiandikia, moyo wake ulikuwa umeshafika hapa kwangu."

"Ulikuwa mlangoni, mama. Ukaufungia."

Hapo Paskali aliingia. Alikuwa amewafuata polepole. "Husna, mwanangu, na kijicho je? Furaha ikisemwa mapema?"

"Shikamoo, baba. Mbona ni rahisi. Ongezeni 'Mungu akipenda'. Hata Waingereza wanayo maneno hayo. Lakini baba, kwani Mungu hajui kama mna furaha? Asiyejua ni Angel peke yake."

Paskali alitazama mnavu kwenye ungo.

"Sikilizeni," Husna aliendelea. "Usiseme maneno haya kama si kweli. Kama mgeni humtaki, nyamaza tu. Na ukishayasema, malizia na jambo lenyewe. Your visit, yaani ziara yenu. Seeing you, kuwaona. Angel asibaki anakisia. Sasa niambie, mama, wewe unangojea nini?"

Bertha alifikiri. Ilikuwa vigumu. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Nangojea kumbeba," alisema kwa sauti ndogo. "Nimvalishe sweta. Nimnuse kichwani."

Glory aliandika. Husna alimsaidia mahali pawili. Bertha akataka asomewe tena na tena, kila neno na maana yake, asije akatuma kitu asichokijua. Ujumbe ulisema hivi: "Dear Angel, this is Mama. Please come. I am looking forward to your visit. I am looking forward to holding my baby. God willing." Yaani, karibu sana, naingoja ziara yako kwa furaha, naingoja siku ya kumbeba mtoto wangu, Mungu akipenda. Wakapiga picha ya sweta, na ule mkono mmoja usiofumwa, wakaituma pamoja.

Simu ikanyamaza. Bertha alisaidia kuchambua mnavu wote. Alichambua hata uliokwisha kuchambuliwa. Ndipo simu ikaita yenyewe. Husna akabonyeza sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kama analia, kama anacheka.

"Mama? Mama, we are coming!"

Bertha hakuhitaji mtu wa kumtafsiria kwamba wanakuja.

"Yesi!" alipiga kelele. "Yesi, mwanangu! Lukingi fowadi!"

Krismasi ilipokaribia, basi kutoka Lushoto lilisimama pale barabarani. Severin alishuka na mabegi. Nyuma yake alishuka Angel, mtoto mgongoni. Alipiga magoti kidogo kwenye tope.

"Shikamoo, mama." Severin alikuwa amemfundisha. Kisha akatoa furushi kwa mikono miwili. "Ni kidogo tu, mama. Si cha maana."

Bertha alifungua. Kilikuwa kitenge kizima cha Zambia, na kingine ndani yake, na shati la Paskali. Akamtazama mkwe wake, wakacheka wote wawili. Angel alikuwa amejifunza heshima ya Shume, naye Bertha alikuwa amejifunza kutaja furaha. Kisha akampokea Bertha mdogo, akamnusa kichwani. Sweta lilimtosha.

Walikaa mpaka mwaka mpya. Walikula jogoo na makande, na Angel aliuweza mnavu kuliko Glory.

Mzazi unayesoma, angalia. Mtoto wako akikuambia anataka kuja, usimwambie asijisumbue halafu ukae mlangoni kumtazamia. Wa karibu huenda akakuelewa. Aliyeolewa au kuoa mbali, aliyelelewa kwa lugha nyingine, hatakuelewa. Atakaa kwake, na wewe utakaa kwako, kila mmoja akidhani hatakiwi. Mwambie. Kama ni kwa Kiingereza, maneno yenyewe umeshayaona.

Siku ya kuondoka, ukungu ulikuwa mzito. Basi liliwashwa. Bertha alikuwa ameshaaga, machozi yamemshika. Paskali alisimama kando, mikono nyuma. Basi lilipoanza kuondoka alikimbia. Mzee mzima, kofia ikamwanguka, akagonga dirisha la Angel.

"Krismasi ijayo!" alipaza sauti. "Lukingi fowadi tu! Mungu akipenda!"