Kinyozi wa Bakteria

Kwenye matangi ya maji ya Tanga mpya, Kinyozi alikuwa kazini. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo kama kabati na haukushika wembe, lakini ulinyoa bakteria wa mji mzima.

Daktari Zuwena Shekue, aliyeubuni, hakuchoka kuueleza. Bakteria anayeshambulia kibofu hujishikiza kwa vinyweleo. Jeni zake huagiza vipande vya protini, na kila kipande huzaliwa legelege, hakijiwezi. Hapo huja protini nyingine, ambayo maabara nzima iliiita kungwi, ikakishika mkono na kukifikisha mlangoni, kwenye ngozi ya bakteria, kikaungwa na wenzake kuwa unywele. Kinyozi alitia majini chembe za kumshughulisha kungwi huyo, asivifikie vile vipande. Bakteria akabaki kipara, akatoka na mkojo. Kumtibu mgonjwa peke yake hakukufaa, kwani wenye nywele wangemrudia kutoka kwa jirani, kwa hiyo mji mzima ulikunywa maji hayo.

Wa kwanza kupona alikuwa Batuli, mdogo wake Zuwena, ambaye figo zilikuwa taabani. Ni kwa ajili yake Zuwena alihangaika miaka yote ile. Batuli akanawiri, akarudi kucheza ngoma harusini.

Kisha vichanga wakaanza kuharisha. Baadhi yao wakazikwa kimyakimya. Mhandisi Kihiyo, msimamizi wa mtambo, alipima vinyesi vyao akagundua kwamba bakteria wema wanaolinda tumbo nao hujishikiza kwa vinyweleo, na kungwi wao ni yuleyule. Kwa mtu mzima walikwisha kujenga makazi. Kwa kichanga ndio kwanza wanahamia, na chembe za Kinyozi ziliwafuata hadi ndani ya maziwa ya mama.

Zuwena akauliza ilikuwaje majaribio yasilione jambo hilo.

"Wapimaji walipita kila nyumba," Kihiyo akajibu taratibu. "Penye mzazi wa kichanga hawakuingia. Wewe mwenyewe, Daktari, ulituambia tusimsumbue mzazi kabla siku zake arobaini hazijatimia."

Ni kweli, alisema hivyo. Ndivyo alivyolelewa, tena aliwasifu kwa adabu yao.

Binti wa Batuli naye alikuwa amejifungua, bado yumo ndani, na mtoto anazidi kukonda. Zuwena akaenda nyumbani kwao, akasimama barazani, akamweleza mdogo wake kwamba mtambo ukizimwa ugonjwa wake utarudi, na usipozimwa mjukuu wao hatapona. Batuli hakufikiri sana.

"Zima, dada."

Kinyozi akazimwa siku hiyohiyo. Mtoto akaanza kunenepa. Masika hayajakatika, Batuli akalazwa, ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Zuwena aliketi kando ya kitanda, roho inamuuma, akijaribu kumweleza kwamba walidhani wanawaheshimu wale wazazi.

Batuli alimtazama bila hasira.

"Mngebisha hodi tu, dada," akasema. "Nani angewafungia mlango, nanyi ni watu wetu?"