Jumamosi za Babu Seremala

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti mmoja alifagia ua huku akitaja mifupa ya mwili kwa sauti kubwa. "Fuvu, mtulinga, mbavu, fupaja, muundi!" Alianzia kichwani, akashuka hadi vidoleni, kisha akapanda tena. Kwa sababu hiyo nyumbani walimwita Kasuku.

"Wewe Kasuku, mifupa hiyo haitakimbia," mama yake alimtania kutoka jikoni. "Njoo uoshe vyombo kwanza."

Kasuku alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na nia yake ilikuwa moja tu: kusomea udaktari katika chuo kikuu cha mjini. Biolojia aliimeza, kemia aliipenda, na hata fizikia, iliyowatoa wenzake jasho, haikumtisha. Walimu walisema kama kuna mtu wa kuingia chuo hicho, basi ni yeye.

Shangazi yake alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa ya mji, iliyopakana na chuo chenyewe. Siku moja alipowatembelea, alimketisha Kasuku barazani.

"Sikiliza, mwanangu. Alama nzuri zitakufikisha mlangoni. Lakini kabla hawajakuingiza, watakuita kwenye usaili. Watataka kujua kama umewahi kukaa na mgonjwa, kama unaijua kazi yenyewe au unapenda koti jeupe tu. Njoo wodini kwangu kila Jumamosi. Utatandika vitanda, utalisha wagonjwa, utawasikiliza."

"Kutandika vitanda, Shangazi?"

"Ulidhani mimi nilianza na sindano?"

Jumamosi iliyofuata Kasuku alikwenda. Wodi ilinukia dawa ya kusafishia sakafu, na toroli ya chakula ililia gurudumu moja kila iliposukumwa. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alilala mzee mmoja aliyekuwa seremala. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea nguvu upande wote wa kulia. Shangazi alimwonyesha Kasuku namna ya kumfanyisha mazoezi: kumfungua vidole kimoja kimoja, kumwekea kitambaa kiganjani, kisha kumwomba akibane.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, daktari," mzee alijibu polepole, maneno yakimtoka kwa shida.

"Bado sijawa daktari, Babu."

"Na mimi siku hizi si seremala. Basi tuko sawa." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Walifanya mazoezi mpaka wote wawili wakatokwa na jasho. Walipopumzika, mzee alimweleza jambo lililomkera. Akiruhusiwa kutoka hospitali, angekwenda kuishi kwa mwanawe, na huko angelishwa na mkwe wake.

"Mkwe anilishe uji kama mtoto!" alisema. "Bora nishike kijiko mwenyewe, hata nikimwaga nusu. Utakuja tena?"

"Nitakuja Jumamosi ijayo, Babu."

"Usinidanganye."

"Siwezi kukudanganya. Nitakuja."

Na alikusudia kweli. Lakini Jumamosi ile wenzake waliandaa masomo ya ziada ya kemia, naye akaona hasara kuyakosa. Akajiambia atakwenda wiki inayofuata. Wiki hiyo kukawa na zoezi la fizikia. Mgonjwa ana wauguzi, aliwaza, lakini mtihani wangu nani atanifanyia?

"Wifi anasema babu yako wa wodini anakuulizia," mama alimwambia siku moja.

"Mwambie nitakuja, mama. Niko mbioni." Baadaye mama hakusema tena habari za babu, na Kasuku hakuuliza.

Mitihani ilikuja ikapita. Matokeo yalipotoka, nyumba nzima ilishangilia. Kasuku alifaulu vizuri sana, na haikuchukua muda akaitwa kwenye usaili.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, na nyuma yake waliketi walimu watatu wa chuo. Katikati alikuwa daktari mmoja mwanamke, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni. Walimuuliza kwa nini anataka udaktari, akajibu vizuri. Walimuuliza angefanya nini akishindwa somo, akajibu vizuri vilevile. Kisha yule daktari akainama mbele.

"Tueleze kuhusu mgonjwa mmoja uliyewahi kumsaidia."

Kasuku alianza na ukweli: wodi, dirisha, mzee seremala. Lakini alipoona wanamsikiliza kwa makini, ulimi ukamteleza. Akatia chumvi kidogo, kisha nyingi. Alisema alikwenda kila Jumamosi bila kukosa. Alisema vidole vya mzee vilianza kufunguka, kimoja leo, kingine wiki ijayo, mpaka akashika kijiko mwenyewe.

"Na sasa yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani. Anakula mwenyewe."

Daktari alitabasamu. "Asante, binti. Tunahitaji vijana kama wewe."

Kasuku alitoka akiwa mwepesi kama unyoya. Akavuka ua kwenda wodini, kumpa shangazi habari. Njiani alikuwa akijitafutia nafuu: kama Babu bado yupo, nitamwamkia leo leo, na kuanzia sasa nitakuwa nakuja. Hivyo uongo wangu utakuwa umepungua.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja asiyemjua.

"Shangazi, Babu amehamishiwa wapi?"

Shangazi alimshika mkono, akamtoa nje ya wodi. "Alifariki, mwanangu. Zamani kidogo. Ulikuwa katikati ya mitihani, na mama yako na mimi tulionelea tusikuvunje moyo."

Kasuku aliuliza, "Alikuwa ameweza kushika kijiko?"

"Hapana. Tulimfanyisha mazoezi tulivyoweza, lakini wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache. Usidhani wewe ungezuia kifo chake. Kiharusi cha pili kilikuja ghafla." Shangazi alimketisha kwenye benchi. "Lakini sitakuficha. Kila Jumamosi aliomba tumgeuze atazame mlango. Alisema, 'Daktari wangu amechelewa tu.'"

Kasuku alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha, kwa vipande vipande, akamweleza shangazi aliyoyasema kwenye usaili. Shangazi hakumkemea.

"Walimu wale bado wapo?" aliuliza.

"Nadhani wapo."

"Basi sitakwenda nawe. Hili ni lako."

Kasuku alivuka tena ule ua, safari hii mguu mzito. Alimkuta yule daktari mlangoni, akijiandaa kuondoka. Akamwambia yote bila kujitetea: kwamba alikwenda mara moja tu, kwamba aliahidi akavunja ahadi, na kwamba mzee hakurudi nyumbani.

Daktari alishika miwani yake. "Unajua kwamba nisingegundua?"

"Najua, Daktari."

"Mwaka huu siwezi kukuchukua. Siku moja nitamuuliza mwanafunzi wangu, 'Umempa mgonjwa dawa?' na nitaamini jibu lake. Lazima niweze kuliamini." Kisha akaongea kwa upole. "Lakini umerudi kwa miguu yako. Omba tena mwakani."

Mama alipopata habari alizima jiko, akaja kuketi karibu na bintiye.

Mwaka ule Kasuku alikwenda wodini kila Jumamosi. Alitandika, akalisha, akamwaga na kuosha vyombo vya haja. Bibi mmoja alimtukana kila alipomgeuza. Siku nyingi alirudi nyumbani bila jambo lolote la kujivunia. Alipoalikwa tena kwenye usaili, walimuuliza juu ya mgonjwa anayemkumbuka zaidi.

"Ni yule niliyemwambia nitarudi, nisirudi," alijibu. Hakuongeza chumvi, wala hakupunguza.

Alipokubaliwa, alikimbia kumwambia shangazi. Walikumbatiana kwenye korido, huku toroli zikiwapita. Ghafla Kasuku akatulia.

"Natamani ningemwambia Babu."

"Hutaweza, mwanangu," alisema shangazi. "Hilo utakwenda nalo mpaka uzeeni. Ukimwahidi mtu kitu, hata kiwe kidogo namna gani, anaanza kukingoja papo hapo. Basi usiahidi usichokusudia kutimiza. Ukishindwa, mwambie mapema. Na ukikosea, sema kweli kabla hujaulizwa. Vitabu vyote watakavyokupa chuoni havitakufaa kitu bila hayo."

Kasuku aliitikia kwa kichwa, akapangusa macho. Furaha aliyoingoja kwa miaka ilimjia nusu tu. Akaipokea hivyo hivyo, kisha akafuata toroli ya chakula, kwa maana wagonjwa walikuwa hawajala.