Mirija Iliyolazwa Kuelekea Kusini

Jumapili, saa nane mchana, Daktari Marthen Bulo alifungua maabara yake mjini Rantepao akakuta mirija arobaini imelazwa mezani na kufunikwa kitambaa cha kufumwa. Ndani ya mirija ile mlikuwa na mbegu za nyati dume wa mwisho mwenye madoa. Zilikuwa zimeyeyuka, zimekufa zote. Kwa miaka sita alitafuta mmea wa kuzilinda seli zisipasuke kwenye baridi kali. Alijaribu jani hili na lile mpaka maji ya mlonge yakakubali. Daktari mzima alikaa sakafuni akalia kama mtoto.

Sajini Debora Patulak alifika saa nane na nusu. Mlango haukuvunjwa. Mtungi wa nitrojeni ya kugandishia mbegu ulikuwa umefunikwa vizuri. Glavu nene zilikuwa bado kwenye mfuko wake, hazijafunguliwa.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na mlinzi. Ufunguo mwingine uko nyumbani, juu ya kabati."

Mlinzi, mzee Sampe, aliapa kwa mbingu na ardhi. "Asubuhi yote nilikuwa kanisani! Muulize mchungaji, nimeimba mpaka koo limekauka."

"Nionyeshe mikono, mzee."

Ilikuwa mizima.

Saa tisa na nusu Debora alikuwa soko la nyati, kwa mfanyabiashara Layuk. Huyu alikuwa amemwambia kila mtu kwamba ndama wa maabara watamharibia soko.

"Afande, unanichekesha!" Layuk alikunjua viganja vyake, havina hata mchubuko. "Ningeingia mimi, ningeiba. Nani anaua mali namna hiyo?"

Kweli, nani? Debora alirudi maabara akaitazama tena ile mirija. Vichwa vyote vilielekea kusini, vimepangwa kwa adabu. Mwizi gani huyo? Sisi Watoraja humlaza hivyo aliyekufa, maana Puya, nchi ya wafu, iko kusini. Debora akamgeukia Marthen.

"Daktari, nyati huyu alikuwa wa nani?"

"Wa marehemu baba. Ndiye tuliyemchinja kwenye mazishi yake, Agosti."

"Mama alijua ulichukua mbegu?"

"Nilimwambia Ijumaa. Nilidhani atafurahi."

Walimkuta Mama Marthen jikoni, anamimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Sufuria ya wali," alisema kabla hajaulizwa.

"Pole, mama. Hebu nione." Debora alifungua taratibu. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimetoka malengelenge. "Hii si sufuria, mama. Baridi ya ule mtungi inaunguza kama moto. Mwenye kazi yake angevaa glavu."

Mama akaketi.

"Basi, ni mimi. Mlipokuwa kanisani. Mwanangu aliniambia yule nyati bado yuko hai kwenye barafu. Hai! Sasa baba yake amepanda nini kwenda Puya? Kila nikilala namwona yuko njiani, ameshika kamba, anavuta, nyati haendi. Na aliyemzuia ni huyu niliyemzaa!"

"Mama, zilikuwa mbegu tu!" Sauti ya Marthen ilipasuka. "Hakuna tena dume kama yule. Hayupo popote! Nilitaka kitu kimoja cha baba kibaki."

"Na mimi nilitaka afike."

Debora alishika kalamu, akashindwa kuandika. Katika miaka kumi na moja ya kazi alikuwa amewafunga pingu wezi na wauaji, na hakuna hata mmoja aliyemuumiza moyo namna hii.

"Daktari, unamshtaki?"

Marthen alitikisa kichwa. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akaushika ule mkono ulioungua.

"Haya, mama. Sasa amefika?"

"Sijui, mwanangu. Leo mchana nilijilaza kidogo, nikamtafuta kila mahali." Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. "Simwoni tena."