Vipeperushi Katika Makoti Meupe

Kila siku saa tisa alasiri, msichana wa darasa la sita aliingia katika duka la ushonaji la shangazi yake, akasukuma mkoba wa shule chini ya meza ya kukatia, akavua viatu, akaanza kuokota pini. Aliziokota kwa sumaku iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo, akipita chini ya vyerehani viwili, chini ya benchi la wateja, na mbele ya kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Ni kazi isiyohitaji maneno hata kidogo. Yeye aliifanya kwa maneno mengi sana, na ndiyo sababu pale dukani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kasuku, naye aliitika.

Kwenye cherehani cha kwanza aliketi shangazi mwenyewe, mwenye duka, mwanamke wa maneno machache aliyependa kusema akiwa na pini midomoni. Kwenye cha pili aliketi fundi kijana aliyeitwa Dada wa Vifungo, ambaye mikono yake ilikuwa na kasi na ulimi wake ulikuwa na kasi zaidi. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, ilikuwapo meza ya pasi, na kwenye meza hiyo alisimama Mzee Mvuke.

Mzee Mvuke alikuwa na utaratibu usiobadilika. Nguo ikimfikia, kwanza aliipindua mifuko yake yote na kuipapasa kwa kidole gumba, kwa maana kipande cha chaki au pini iliyosahaulika huweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Kisha aliinyunyizia maji, akaikunja kama mkeka, akaiweka chini ya shuka ili unyevu uenee sawasawa. Saa mbili baadaye ndipo alipotia makaa kwenye pasi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Miezi miwili iliyopita kipande cha chaki ya buluu kilimpita, kikayeyukia kwenye suruali ya bwana harusi. Siku ile shangazi alitoa pini midomoni kabla ya kusema, na wote wakajua kwamba jambo ni zito.

“Mzee wangu,” alisema, “likitokea tena, itabidi upumzike.”

Mzee alijibu kwamba amesikia. Pasi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe, na hakuwa na kazi nyingine aliyoiweza.

Sasa, Jumapili iliyotangulia, mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amewagawia watoto vipeperushi thelathini kila mmoja, akawaagiza wamshuhudie Kristo kwa majirani zao. Ambaye angevimaliza kabla ya Jumapili ya pili angepewa Biblia yenye zipu. Mwalimu alikuwa mtu mwema na hakuifikiria sana ile zipu. Kasuku aliifikiria sana.

Kufikia Jumatano alikuwa amegawa kumi na sita. Muuza mkaa alikipokea chake kwa heshima, akakitumia kuwashia moto. Kinyozi alikifutia wembe. Dada wa Vifungo alipewa vitatu kwa mpigo.

“Kasuku, hivi vyote ni vyangu peke yangu?” aliuliza, bila kuondoa mguu kwenye cherehani. “Unadhani nina dhambi kiasi gani?”

“Vimebaki vingi, Dada.”

“Aa. Kumbe si dhambi zangu. Ni hesabu zako.”

Kasuku akamwendea Mzee Mvuke.

“Babu, pokea hiki.”

“Kinasemaje?”

“Kimeandikwa humo humo, Babu.”

“Macho yangu hayafiki huko, mjukuu wangu. Niambie wewe.”

“Nina haraka. Vimebaki kumi na vinne.”

“Basi ukae nacho,” alisema mzee, akarudia pasi yake. “Siku utakayopata nafasi, utaniambia.”

Alhamisi ilikuwa siku ya makoti. Zahanati ilikuwa imeagiza makoti kumi na mawili meupe ya wauguzi, yakabidhiwe Ijumaa asubuhi. Kasuku alipofika kutoka shuleni, makoti yote yalikuwa yamekwisha kukaguliwa mifuko, kunyunyiziwa maji na kukunjwa. Mzee alikuwa ametoka kununua makaa. Shangazi alikuwa akimpima mteja mlangoni. Dada wa Vifungo alikuwa ameinamia tundu la kifungo kana kwamba amepoteza kitu ndani yake.

Kasuku aliyatazama makoti yale na kuona wauguzi kumi na wawili, kila mmoja akitia mkono mfukoni na kukuta habari njema inamsubiri. Kazi ya siku tatu ingekwisha kwa dakika tano. Aliinua shuka, akafungua koti la kwanza, akasukuma kipeperushi katika mfuko wa kifuani, uso wa maandishi ukielekea ndani, kisha akalikunja koti kama alivyolikuta. Alikuwa ameyafikia matano aliposikia kikohozi cha Mzee Mvuke mlangoni, akalishusha shuka. Papo hapo shangazi akamtuma dukani ng'ambo ya barabara kununua uzi mweupe. Foleni ilikuwa ndefu. Huko alisimama karibu saa nzima, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema bila kuonekana.

Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba vipeperushi vilikuwa vimepigwa chapa kwa wino mwekundu wa bei nafuu, kwenye karatasi nyembamba, na makoti yalikuwa mabichi.

Aliporudi, vyerehani vyote viwili vilikuwa kimya. Katika duka lile ukimya wa namna hiyo haukuwahi kutokea mchana. Makoti manne yalikuwa yametandazwa juu ya meza ya pasi, na kila moja lilikuwa na doa jekundu kifuani, kubwa kama kiganja. La tano, ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa pasi, Dada wa Vifungo alikuwa amelitundika kwenye kigingi kinachoelekeana na kioo ili lipoe. Shangazi alisimama akivipa mgongo kioo na koti, akimtazama mzee. Midomoni hakuwa na pini hata moja.

“Kulikuwa na nini mfukoni?” aliuliza.

“Karatasi,” alisema Mzee Mvuke.

“Karatasi gani?”

“Karatasi tu, Fundi. Mifuko ni kazi yangu. Nilipaswa kuipapasa tena.”

Kasuku aliuona mfuko wa shati la mzee. Ulikuwa umetuna, na kwenye ukingo wake palikuwa na alama ndogo ya wekundu. Alielewa kwamba mzee alikuwa amevitoa vipeperushi vyote vitano, kwamba alijua vimetoka kwa nani, na kwamba hakukusudia kusema.

Aligeuza macho ili asimtazame, yakaangukia kioo. Juu ya koti lile la tano joto la pasi lilikuwa limeugandisha wino kabla haujatawanyika. Ukilitazama koti lenyewe uliona michirizi ya herufi zilizopinduka, ambazo mtu mwenye hasira asingehangaika nazo. Katika kioo herufi zilisimama wima na kusomeka vizuri: JE, UKO TAYARI?

Shangazi angegeuka tu, angejua kila kitu. Kasuku alisogea, akaligeuza koti taratibu, mgongo ukaelekea kioo. Kioo kikawa hakina la kusema. Hakuna aliyemwona.

“Mzee wangu,” alisema shangazi nyuma yake, na sauti yake haikuwa na ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. “Miezi miwili iliyopita tulisema nini?”

“Tulisema nipumzike.”

“Ningeweza kukuacha kama yangekuwa makoti yangu. Ni ya watu. Sijui nitamwambia nini muuguzi mkuu kesho.”

“Hukukosea, Fundi. Acha nimwage makaa, niende.”

Akaichukua pasi kwa mikono miwili, akaanza kuifungua. Kasuku alisikia sauti ya makaa yakiangukia kwenye ndoo ya majivu. Akaligeuza koti tena, kifua kikaelekea kioo.

“Shangazi,” alisema. “Tazama kwenye kioo.”

Shangazi akageuka. Alisoma mara moja, kisha akasoma tena. Dada wa Vifungo naye alisoma.

“Ni vyangu,” alisema Kasuku. “Niliviweka baada ya Babu kukagua mifuko. Babu alikagua vizuri. Nilitaka vimalizike, kwa sababu ya Biblia yenye zipu.”

“Na ulikuwa umesimama hapo tangu lini?”

“Tangu uliposema karatasi gani.”

Shangazi alilishusha koti kutoka kwenye kigingi. Kisha akamgeukia mzee.

“Nawe ulijua.”

“Nilijua.”

“Ukaona heri ufukuzwe kazi.”

Mzee Mvuke aliiweka pasi chini, akafuta majivu mikononi. “Fundi, wiki yangu ya pili hapa niliunguza gauni la bibi harusi. Unakumbuka. Mama mwenye gauni alikuja na maneno ya kunimaliza. Wewe ukamwambia, gauni limeungulia dukani kwangu, kwa hiyo nimeliunguza mimi. Ukashona lingine. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia kwamba nawe umewahi kusamehewa jambo kubwa kuliko gauni. Kisha ukarudisha pini midomoni.” Aliisukuma ndoo ya majivu kando. “Leo nilikuwa nikirudisha tu. Lakini ile habari yako hukuimaliza. Ni miaka sita sasa nasubiri uendelee.”

 Shangazi alivuta kiti, akaketi, jambo alilolifanya mara chache mbele ya kazi isiyokwisha.

“Sikujua kama ungependa kusikia,” alisema.

“Hukuuliza.”

Makaa yakarudishwa kwenye pasi. Makoti saba safi yalipigwa pasi jioni ile ile. Yale matano yalilowekwa, yakasuguliwa, na madoa hayakutoka, kwa hiyo ilibidi vipande vya mbele vyote vikatwe upya. Kasuku alikabidhiwa wembe na kazi ya kufumua mishono. Alifumua bila kuzungumza, na Dada wa Vifungo akamtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, shangazi alimchukua hadi zahanati. Muuguzi mkuu alihesabu makoti saba, akainua uso. Shangazi alimsogeza Kasuku mbele. Kasuku alieleza habari yote, mwanzo hadi mwisho, akiangalia saa ya ukutani nyuma ya kichwa cha yule mama.

“Kwa hiyo ulitaka kuniambia jambo,” alisema muuguzi mkuu, “lakini hukutaka kuniona.”

“Ndiyo, Mama.”

“Sasa umeniona. Nataka makoti matano Jumatatu.”

Jumamosi mchana koti la mwisho lilipokuwa limelala chini ya shuka, mzee alitoa mfukoni kipeperushi kimoja kilichokauka na kukunjamana, akakiweka juu ya meza ya pasi.

“Mjukuu wangu, leo hatuna haraka. Kinasemaje?”

Kasuku alikitazama. “Kinasema, je, uko tayari.”

“Tayari kwa nini?”

Alikigeuza upande wa pili. “Sijui, Babu,” alisema. “Sijakisoma.”

Dada wa Vifungo alisimamisha cherehani. “Thelathini,” alisema polepole. “Umetutembezea thelathini, Kasuku, na hata kimoja hujakisoma?”

“Kichwa cha habari nilikisoma.”

“Mwache,” alisema shangazi, akiondoa pini midomoni, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye mto wake. “Tuko wawili. Yeye alidhani karatasi ingemsemea. Mimi nilidhani kazi yangu ingenisemea, na nimekaa miaka sita nikimpita mzee huyu kila siku. Kasuku, nisikilize. Ukiwa na neno jema kwa mtu, simama mbele yake akuone uso. Uwe unalijua neno lenyewe. Na uwe umeishi naye kwa namna itakayompa sababu ya kukuamini. Likikosekana moja katika hayo, unamchafulia tu koti.”

“Je, asipolikubali, Shangazi?”

“Hiyo ni haki yake. Wewe utakuwa umempa kwa mkono, hukumtilia kwa siri.”

Basi Kasuku alikisoma kipeperushi kwa sauti, polepole, kwa kuwa wino ulikuwa umevuja na baadhi ya maneno yalihitaji kubahatishwa. Mzee aliuliza maswali. Mawili Kasuku aliyajibu, moja alilijibu shangazi, na mengine matatu wote wawili walikiri kwamba hawana jibu. Walifika mstari wa tisa, koti likawa limepata unyevu wa kutosha, kazi ikaendelea.

Kesho yake kanisani Kasuku alimrudishia mwalimu vipeperushi tisa na kumweleza kilichovipata vile vitano. Biblia yenye zipu alipewa mtoto mwingine. Zipu yake, kwa taarifa ya msomaji, iliharibika mwezi wa pili. Mzee Mvuke hakuonekana kanisani Jumapili hiyo, wala hakuna aliyemtarajia.

Jumatatu saa tisa alasiri Kasuku alivua viatu, akachukua fimbo yenye sumaku. Alikuwa amefika chini ya benchi la wateja alipomsikia mzee akipindua mifuko ya suruali moja, mmoja baada ya mwingine, kisha akiweka suruali ile kando.

“Mjukuu wangu,” alisema, “tuliishia mstari wa tisa, sivyo?”