Mkono Uliokakamaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tupokigwe aliwasha moto, akapika uji na kumlisha mama yake. Waliishi wawili tu Ilomba, mjini Mbeya. Baba yake alikuwa mbali, Makambako, kwenye kazi ya kujenga reli. Tangu mama yake, Sekela, apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulijikunja kifuani, ngumi imekaza hadi kucha zikamchoma kiganja. Zamani alisuka vikapu vya kuuza sokoni. Sasa hata kikombe hakuweza kukishika.

Kila wiki walikwenda zahanati. Daktari Mchina alimchoma mkononi sindano nyembamba zisizo na dawa, misuli ikalegea kidogo. Kisha muuguzi Damari akavinyoosha vidole, Tupokigwe akitazama.

"Sindano inalegeza tu," alisema Damari. "Usipomnyoosha nyumbani, asubuhi na jioni, mkono utakakamaa tena."

Jioni ile Tupokigwe alijaribu. Mama, ambaye maneno hayakumtoka vizuri, alipiga ukelele, machozi yakamtiririka. Tupokigwe akauachia mkono, wakakumbatiana na kulia. Hakujaribu tena.

"Mnafanya mazoezi?" Damari aliuliza kila walipofika.

"Tunafanya, Sista."

Siku moja ile ngumi haikufunguka kabisa. Daktari alitikisa kichwa.

"Anasema sindano hazimsaidii," Damari alieleza kwa huzuni. "Tutaacha."

Tupokigwe akaangua kilio. "Msiache! Ni mimi, Sista. Nimewadanganya. Akilia, mimi nashindwa kuendelea."

Damari alimvuta karibu. "Pole, mwanangu. Mbona hukuniambia? Ningekuja."

Sindano ziliendelea, na jioni Damari alipita kwao. Waliukanda mkono kwa maji ya moto, kisha wakaunyoosha polepole. Mama alilia, Tupokigwe naye akalia, lakini hakuuachia.

Wakati wa kuvuna mahindi, Sekela alishika kikombe akanywa mwenyewe. Siku hiyohiyo aliomba ukindu. Vidole vilishindwa kuusuka. Akaugeuzia ukuta uso wake.

"Sista," Tupokigwe alinong'ona, "ningefanya tangu mwanzo, angesuka?"

Damari alimshika bega. "Sijui. Labda. Ulimwonea mama huruma, na hilo si kosa. Kosa ni kutuficha. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, upate wa kukusaidia mapema."

"Ndiyo, Sista."

Tupokigwe akapangusa macho, akaketi kando ya mama yake, akaanza kumnyoosha kidole gumba.