Jina la Nyuma ya Kadi

Wewe unayesoma, ukianguka barabarani leo, apigiwe nani simu?

Swali hilo lilimkuta Zoila Guamán, mjane wa miaka hamsini na minane, mpiga pasi kwenye duka la dobi huko Queens, ughaibuni, siku alipokwenda kuomba kadi ya jiji, ile wanayopewa hata wasio na makaratasi ya ukaazi. Ndugu zake wote wamebaki kwao, Cuenca. Alishika kalamu mpaka karani akakohoa. Ndipo akaandika: Abdón Tenesaca.

Abdón, fundi viatu, alikaa ghorofa ya chini ya jengo lao. Kila Jumapili alimletea mahindi ya kuchemsha katika bakuli lenye mfuniko wa bluu, wakala pamoja. Kadi ilipofika, Zoila akamwonyesha. Abdón akaigeuza, akasoma nyuma. Uso ukasawijika.

—Umeniandika kwenye kadi ya serikali, Doña Zoila? Na namba yangu juu?

—Ni ya jiji tu, Don Abdón. Nikipatwa na jambo...

—Mimi hata barua sipokei kwa jina langu. Miaka kumi na saba nimejificha, wewe umenianika kwa mstari mmoja.

Akabeba bakuli lake, mahindi yangali ya moto. Wiki iliyofuata akahama.

Zoila akatuma ujumbe: "Nisamehe. Nitalifuta jina lako." Lakini hakulifuta, angemwandika nani? Jumapili sita alikula mkate mkavu, amesimama, maana pale mezani palikuwa na viti viwili.

Februari, barafu ikamwangusha mlangoni pa dobi, akavunjika nyonga. Alipozinduka hospitali, Abdón alikuwa kando ya kitanda, bakuli la bluu mapajani.

—Nani kakuita?

—Kadi yako. Muuguzi kaniuliza, wewe ni nani wake? Nikamwonyesha bakuli hili.

—Na mlangoni hapa umepitaje, nawe huna kitambulisho?

Abdón akatoa kadi yake ya jiji, mpya. Kwenye picha amekunja uso kama anayeng'olewa jino.

—Nimeipata wiki iliyopita. Nilipanga foleni, nikatoka mara mbili, nikarudi.

Zoila akaigeuza. Nyuma patupu.

—Hukuandika mtu?

—Mtu haandikwi bila kuulizwa. Nilikuwa najikusanya nije niulize.

—Basi uliza.

Akasogeza bakuli, akalirudisha palepale.

—Nikuandike?

—Niandike. Na hicho chumba chako kipya, kirudishe kwa mwenyewe. Nimechoka kula nimesimama, Abdón. Nataka uje ukae na mimi.