Njia ya Mkato ya Molo

Jua lilikuwa linazama upande wa Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba, na Aanyu alikuwa anafunga kibanda chake cha kutengeneza simu pale Malaba, upande wa Uganda wa mpaka. Alikuwa na haraka, maana alitaka kununua nyanya kabla wauzaji hawajaondoka. Mchana kutwa alikuwa amewahudumia madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka, na wote walilalamikia ramani. Huyu inamwonyesha yuko katikati ya ziwa. Yule mshale wake unatazama nyuma. Mwingine kiduara kinazunguka tu, kumbe data iliisha asubuhi na bado mzee mzima analaumu setilaiti. Aanyu aliwacheka kwanza, kisha akawasaidia.

Kwa mambo ya ramani, Malaba nzima ilimjua. Ndiye aliyekaa jioni baada ya jioni akichora, kwenye ramani ya mtandaoni, nyumba na visima na vijia vya vijiji vilivyokuwa vimeachwa vitupu, ili mumewe Olupot na waendesha boda wenzake wasipotee. Aliangalia picha iliyopigwa kutoka angani, akafuata kila mstari mwembamba aliouona, akaupa jina, akatuma, ukakubaliwa. Majuzi alikuwa ameongeza kijia kimoja huko Molo ya Tororo, kijijini kwa wakwe zake. Kilikata vichakani moja kwa moja na kuepusha mzunguko mrefu. Alijivunia kijia hicho kuliko vyote alivyochora. Kukikanyaga, hakuwahi. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Kenya, na Molo alikwenda kwa harusi na matanga tu.

Simu ikalia. Olupot.

"Aanyu, hii ramani yako nanisumbua," alisema. "Nimepeleka vifaranga vya mwalimu, sasa narudi na ile njia yako ya mkato. Mshale iko nazunguka tu."

"Simama. Toka chini ya miti. Inua simu, uizungushe hewani kama unaandika namba nane."

"Nimefanya."

"Zima lokesheni, uwashe tena."

"Nimefanya, Aanyu. Inasema nigeuke kushoto. Nikigeuka, narudi pale pale." Akashusha sauti. "Jiwe lilikuwa kulia kwangu. Sasa liko nyuma. Na mimi sijageuka."

Aanyu akaacha kufuli likining'inia. Mtu wa Tororo anaweza kupotea Kampala mpaka akalia, lakini Jiwe halimpotei. Linaonekana kila mahali, ndilo wanaloliamini kuliko simu yoyote.

"Pikipiki imezima," Olupot akasema. "Ngoja. Kuna mtu mbele, anatembea. Nitamuuliza."

"Muulize, basi."

Upepo. Kisha sauti ya mumewe ikarudi, ndogo, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

"Aanyu... huyu mtu... kichwa chake kimelala begani."

Simu ikakatika.

Alipiga. Haipatikani. Alipiga tena, haipatikani. Akafungua ramani, kwa sababu Olupot humshirikisha lokesheni yake kila anapokuwa safarini, na kitone cha buluu chenye jina la mumewe kilikuwa pale, juu ya mstari aliouchora yeye mwenyewe. Kilikuwa kinatembea. Kinakwenda mpaka mwisho wa kijia, kinarudi. Kinakwenda, kinarudi. Pikipiki si imezima? Alijiambia ni mtandao, kitone kinaruka tu, ndivyo anavyowaambia madereva kila siku. Lakini kitone kinachoruka huruka ovyo. Hiki kilikuwa kinatembea polepole, hatua kwa hatua.

Akampigia mama mkwe wake, mama Akiteng, anayekaa ng'ambo ya kijiji kile.

"Yoga, mama," akamsalimu kwa Kiteso. "Olupot amekwama. Yuko kwa ile njia inayotoka nyuma ya kisima, inakatiza vichakani."

"Hapo hakuna njia, mwanangu."

"Ipo, mama. Inaonekana kutoka juu."

Mama Akiteng akaanza kunong'ona.

"Inaonekana kwa sababu haioti nyasi. Ile ndiyo tulimpitisha yule aliyejinyonga. Unajua vile tunafanya."

Aanyu alijua. Hata ukoo wao, upande wa Kenya, mtu wa kifo kile hawampitishi langoni. Ua hutobolewa kwa nyuma, maiti ikatolewa hapo, na njia iliyompitisha ikafungwa kwa miiba. Haikanyagwi tena wala haitajwi, asije akaifuata kurudi kwa watu. Amekua na desturi hiyo, na kama angefika pale kwa miguu, angeiona ile miiba na kugeuza haraka. Lakini kutoka angani miiba haionekani. Kilichoonekana ni mstari mweupe, naye akaupa jina.

"Mama, nimefanya nini?"

"Umemfungulia. Kuja umtoe mume wako kabla giza halijashika, mimi miguu yangu hainifikishi. Lakini sikia vizuri, Aanyu. Ukifika pale, usi—"

Mtandao ukaenda.

Alisimama akiitikisa simu kama mjinga, yeye anayewacheka wanaotikisa simu. Ikalia mkononi mwake. Kwenye kioo: Mama.

"Mpakie," sauti ilinong'ona. Ilikwaruza sana, lakini mtandao wa Molo ndivyo ulivyo. "Usigeuke... usiongee naye... umlete mpaka ndani."

Ikakatika.

Aanyu hakusubiri zaidi. Aliazima pikipiki ya Odoi, muuza spea wa kibanda cha pili, hata hakumweleza vizuri. Alikuwa anaogopa, tena anajichukia. Ni mkono wake uliochora. Kama Olupot angemfia kule, angemwambia nini Mungu?

Alipofika nyuma ya kisima, mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, wa rangi ya majivu. Miiba ilikuwepo kweli, rundo kavu la zamani. Katikati yake palikuwa na alama ya gurudumu. Olupot alikuwa ameipita bila kuiona, macho yote kwenye simu.

Akaingia.

Hapakuwa na nyasi, si moja. Pembeni kulikuwa na vichaka, lakini wadudu waliokuwa wakilia kisimani walinyamaza ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango. Harufu ikamjia. Kamba ya katani iliyoloa... na udongo uliochimbwa leo. Pikipiki ya Olupot ilikuwa imelala ubavu, taa imezimika. Olupot haonekani. Aanyu alifungua mdomo amwite, akakumbuka, akauma midomo.

Simu yake, mfukoni, ikaongea yenyewe. Ile sauti ya kike ya ramani, yenye adabu zake zote.

"Umefika unakokwenda."

Hatua zikaja nyuma yake, taratibu. Pikipiki aliyoikalia ikazama kwa uzito. Mtu alikuwa ameketi.

Mikono ikamshika kiuno. Ilikuwa baridi sana, lakini mtu aliyeogopa huwa baridi, Aanyu alijiambia hivyo. Machozi ya furaha yakamtoka. Alikuwa amempata. Akageuza pikipiki bila kugeuza shingo, akaondoka mbio.

Njia nzima hakuna aliyesema neno. Walipopita kwenye vibanda vya barabarani, wanawake waliokuwa wakichoma mahindi waliinua macho, wakaacha kupepea moto. Mmoja alijifunika uso kwa leso. Aanyu aliona, akaongeza mwendo. Kitu kizito kilikuwa kimemwegemea begani, kikicheza kila walipopiga shimo. Kichwa. Maskini amechoka, aliwaza. Alilazimika kuwaza hivyo, la sivyo angeangusha pikipiki.

Nyumbani Malaba umeme ulikuwa umekatika. Alifungua mlango, akaingia, akasikia nyayo zikiingia nyuma yake. Akafunga komeo, kama alivyoambiwa. Mpaka ndani. Kiti cha kamba kikalia kwa uzito.

"Olupot?" alinong'ona. "Tumefika. Sasa ongea."

Ile harufu tu, imejaa chumba chote.

Simu ikalia. Mama.

"Aanyu! Nakupigia tangu saa ile, haupatikani! Uko wapi? Olupot iko hapa kwangu. Aliacha pikipiki na simu, akakimbia na mashamba. Iko natetemeka, namnywesha maji ya sukari."

Aanyu akalishika komeo. "Yuko... hapo?"

"Aanyu." Ilikuwa sauti ya Olupot, yenyewe kabisa, inalia. "Usikuje huku. Nakuomba."

"Mama alinipigia tena," Aanyu alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Aliniambia nimpakie."

Mama Akiteng akachukua simu. "Mimi? Mtandao ulivyokatika sikukupata tena. Nilitaka kukuambia usimpakie mtu. Hata akiwa nani. Yule miaka yote iko natafuta wa kumfikisha kwenye nyumba."

Aanyu aliishusha simu. Ramani ilikuwa bado wazi. Kitone chenye jina la mumewe hakikuwa Molo. Kilikuwa Malaba. Kilikuwa mtaa huu. Kilikuwa juu ya kitone chake mwenyewe.

Nyuma yake, gizani, kioo cha simu kikawaka.

Kiti kikalia. Na kitu kikamnong'oneza, karibu kabisa na sikio, kwa heshima, kama abiria yeyote anavyomwambia mtu wa boda:

"Asante, mama."

Hakumbuki alivyofungua komeo. Majirani walimkuta barabarani, hana viatu, anapiga kelele. Waliingia na tochi, wanaume kwa wanawake. Hawakukuta mtu, lakini kiti kilikuwa kimeloa na chini yake kulikuwa na udongo mwekundu. Walipoukanyaga, ulikuwa wa baridi.

Olupot alirudi asubuhi, mzima, ingawa usingizini hushika shingo yake kwa mikono miwili. Katekista alikuja akaomba, akanyunyiza maji chumba kwa chumba. Simu ya Olupot haikupatikana, si vichakani, si nyumbani, wala waya wa kuichaji haukuguswa tena na mtu. Kule Molo mama Akiteng aliwachukua wazee wakafunga miiba upya, na Aanyu akafanya sehemu yake: akaomba njia ifutwe kwenye ramani, akaandika sababu, akatuma. Siku chache baadaye ikafutwa. Alilia kwa nafuu, mbele ya wateja, bila aibu.

Kisha jioni moja dereva wa lori akamletea simu kibandani. Alisema ramani inampitisha njia asiyoijua. Aanyu akatazama. Mstari mwembamba ulikuwa umerudi. Ulianzia vichakani Molo, lakini sasa haukuishia barabarani. Ulishuka mashambani, ukakata mtaro, ukaingia Malaba, ukafika mlangoni kwake.

Alifuta kumbukumbu za programu. Ulikuwepo. Aliitoa programu yote, akaiweka upya. Ulikuwepo. Alitazama kwenye simu yake, na kwenye simu ya Odoi. Ulikuwepo. Aliwahi kuwaeleza madereva mara nyingi kwamba ramani siku hizi hujichorea yenyewe, pale ambapo simu hupita kila siku.

Ramani ikamuuliza, kama inavyomuuliza kila mtu: Je, njia hii ipo?

Akabonyeza Hapana.

Jibu lilikuja usiku ule wakiwa mezani, yeye na Olupot, mlango umefungwa, chakula hakijaguswa. Alilisoma kimyakimya, kisha akamsogezea simu mumewe, ambaye tangu siku ile hakuwa na simu, maana hakuweza kulitamka.

"Asante kwa mchango wako. Njia hii inatumika. Imethibitishwa dakika chache zilizopita na: Olupot."